Viti Viwili vya Tokyo

Bi Marcy, jirani yetu wa upande wa kulia, anamwambia kila mtu mtaani kwamba mwaka jana Brent alikwenda Tokyo na kurudi kwa bei ya mkate na soseji. Eti alilala angani kwenye kitanda chenye mlango wake, akanyweshwa shampeni kutoka Chicago mpaka kule, na teksi ilipomshusha hapa Columbus alikuwa bado amevaa pajama za shirika la ndege, mchana kweupe, anawapungia watu mkono kama bwana harusi.

Bi Marcy hutia chumvi, lakini hilo la pajama ni kweli. Nilizifua mimi.

Brent ni mume wa dada yangu Verna. Sisi tumezaliwa kwa Waamishi, wale Wakristo wakulima wasiotaka umeme wala magari, ambako ukimaliza darasa la nane unakwenda kukamua ng'ombe. Verna alitoka mapema. Mimi nilimfuata miaka miwili iliyopita, nikiwa na miaka kumi na tisa, sina cheti, sina namba ya serikali, sina kitu chenye jina langu isipokuwa Biblia. Brent ndiye aliyenihangaikia karatasi zote. Hilo simnyimi.

Halafu akaniambia, "Shemeji, nchi hii mtu asiye na kadi ya mkopo ya benki ni kama hajazaliwa. Niachie mimi, nikukuzie jina kwenye mabenki."

Nikamwachia.

Kadi zake anazitunza kwenye boksi la viatu. Kila moja ameibandika kikaratasi cha gundi na kuandika kwa kalamu nene: PETROLI. CHAKULA. MKAHAWA. DAWA. Kila kadi ukinunulia kitu chake benki inakupa pointi nyingi, na pointi zikijaa yeye huzibadilisha kwa tiketi za ndege. Siku moja nilinunua maziwa kwa kadi ya petroli, akanifokea pale pale mbele ya keshia. "Unajua umetupa pointi ngapi? Au kwenu kiti cha kulala kinaota shambani?" Watu wa foleni wakacheka. Nikacheka nao. Siku hizo nilikuwa bado nacheka.

Wakati mwingine tukiwa mezani simu yangu ililia, ukaingia ujumbe wa benki wenye namba sita, zile za kuthibitisha kwamba ni mimi. Brent alikuwa hata hainui kichwa. "Zisome, shemeji, halafu nipitishie viazi." Nilizisoma, nikampitishia viazi.

Kuchukua barua kwenye sanduku la nje ilikuwa kazi yangu. Ikija bahasha yenye jina langu, Brent aliichomoa mkononi mwangu. "Hii ni ya mambo yetu yale." Sikubisha. Lakini niliandika tarehe nyuma ya kalenda ya jikoni, jinsi mama alivyokuwa akiandika ng'ombe gani amepandwa lini. Mwaka ulipoisha nilikuwa na tarehe sita.

Mimi napika kwenye nyumba ya wazee, na ng'ambo ya barabara, juu ya kinyozi, kuna vyumba viwili vya kupangisha. Vina dirisha la mashariki na ufunguo wa mtu mmoja. Niliviomba. Ijumaa mwenye nyumba, Bi Pruitt, akanipigia simu.

"Binti, nimelichunguza jina lako kwenye rekodi za mikopo. Mtu anayefungua kadi sita kwa mwaka mmoja ama anafilisika ama ni tapeli. Wewe ni yupi?"

Nikamweleza ninachokijua. Akasema, "Basi aliyezifungua aandike hivyo na atie sahihi. Nakushikia mpaka Jumatatu saa nne asubuhi. Baada ya hapo kuna wengine."

Jioni ile nilimwomba Brent hiyo barua. Alicheka mpaka akaweka uma chini.

"Niandike nini? Kwamba nimefungua kadi kwa jina la mtu mwingine? Benki wakiiona wanafunga kila kitu, na pointi zote zinakwenda na maji. Mwezi wa nne mimi na dada yako tunatimiza miaka kumi ya ndoa."

"Na mimi nalala kwenye chumba cha mashine ya kufulia."

"Chumba cha bure!"

"Dada?"

Verna alikuwa anapanga vijiko kwenye droo, kimoja kimoja. "Saloma, usituharibie," akasema, wala hakugeuka.

Jumapili, tumetoka kanisani, tumeshakula, Brent akapiga ukelele mbele ya kompyuta nikadhani ameungua. Viti viwili. Tokyo. Vya milango, siku moja, ndege moja. Alikuwa ameviwinda tangu kiangazi. Hakungoja hata kuvuta pumzi: akazihamisha pointi zake zote na za Verna kutoka benki kwenda shirika la ndege. Na pointi zikishahamia huko hazirudi, hilo yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Lakini hazikutosha. Zilizobaki zilikuwa kwenye jina langu.

Simu ikalia ndani ya mfuko wa aproni yangu: namba sita za benki.

"Shemeji! Zisome, upesi!"

Nilifungua droo, nikatoa karatasi na kalamu, nikaviweka juu ya vitufe vya kompyuta yake.

"Andika kwanza."

Alinitazama kama vile kabati limeongea. "Una wazimu? Hizo namba zinakufa baada ya dakika kumi. Viti vyenyewe mtu yeyote anaweza kuvinyakua sasa hivi!"

"Barua ni mistari mitatu. Wewe mwandiko wako wa haraka, nauona kwenye kadi."

"Huu ni unyang'anyi."

"Ndiyo, shemeji. Wa kadi sita."

Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Uso ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Nilikutoa kwenye samadi mimi! Ulikuja hapa hujui hata kubonyeza lifti!"

"Kwenye samadi nilijua ipi ya ng'ombe yupi. Hapa nanuka tu, sijui nanuka nini."

"Nipe hiyo simu."

"Ichukue. Imefungwa, na namba ya kuifungua iko kichwani mwangu. Hiyo sijakusomea."

Dirisha lilikuwa wazi. Bi Marcy alikuwa kwenye ua wake anakusanya majani, na tangu ule ukelele reki yake ilikuwa haijasogea. "Brent!" akaita. "Mmepata? Ni Tokyo tena?"



Brent akasukuma karatasi na kalamu pembeni kwa kiwiko, akaegemea kioo cha kompyuta kana kwamba anavizuia viti kwa mwili wake. "Mwambie mdogo wako," akamwambia Verna. "Mwambie wewe, maana mimi nitamwambia vibaya."

Verna akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa na taulo ya jikoni, anaisokota. Akanisemesha kwa lugha ya nyumbani, ambayo hakuwahi kuitumia tangu nifike kwake, lugha ambayo Brent haielewi hata neno.

"Mdogo wangu, sijawahi kukuomba kitu. Usimsomee yeye. Nisomee mimi."

Nilimtazama. Nilitazama na mkono wake, uliokuwa karibu kabisa na kalamu, karibu kuliko mkono wa mumewe. Haukuigusa, wala haukumsogezea mumewe, nami nikaiacha simu mfukoni.