Neno la Kwenye Matete

Mgeni alifika kwa miguu, na huku kwetu hakuna mtu afikaye kwa miguu. Kutoka barabara kuu hadi nyumba ya Teklia Bodnar ni mashamba matupu. Theluji ya mwisho ilikuwa imeyeyuka na njia imegeuka uji mweusi unaomeza magurudumu. Teklia alimwona dirishani tangu akiwa nukta, akamtazama akikua mpaka akawa mwanamume mrefu mwenye koti la mjini, anayeng'oa mguu mmoja matopeni ili auzamishe mwingine. Akamwambia mjukuu wake Larisa kwamba anakuja mtu, na kwamba ama gari lake limezama au akili yake.

Lilikuwa gari. Mgeni alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasimama na soksi zinazochuruzika maji.

"Kama umekuja kutuuzia Yesu, tunaye," Teklia alimwambia. "Kama ni mbegu, zungumza na huyu. Mimi nimestaafu, kazi yangu sasa ni kulalamika."

"Siuzi kitu, mama. Naitwa Sietse Hoekema, natoka Uholanzi. Natafuta watu wa Ostap Havryliuk."

Larisa aliacha kukanda unga. Teklia alivuta kiti, si kwa ajili ya mgeni bali chake mwenyewe, akaketi.

Ostap alikuwa kaka yake. Alitoka shamba hilihili na kwenda vitani, akawekwa katika kiti cha mkiani kwenye ndege ya mabomu, peke yake na bunduki zake, mgongo kwa wenzake sita. Usiku mmoja wa mwaka elfu moja mia tisa arobaini na tatu ndege hiyo haikurudi Uingereza. Ilikuja telegramu kwamba ametoweka, kisha barua kwamba anadhaniwa amekufa. Mama yao hakukubali ile "anadhaniwa". Padri alipokuja kumshauri waimbe sala ya kumbukumbu ya milele, alimwambia kuwa mtu hazikwi kwa telegramu. Miaka mingi baadaye serikali ya jimbo ikalipa jina la Ostap ziwa moja la kaskazini, kama ilivyowafanyia wengi waliokufa vitani, na watu wakaja na cheti na picha. Mama aliwapa chai, akawaambia, "Mwanangu si ziwa," akakirudisha cheti chao.

Katika mkesha wa Krismasi, kila nyumba ya watu wetu, wahamiaji wa Kiukraine, huwakumbuka walio mbali. Wafu huwekewa bakuli la ngano ya kuchemsha na asali, likabaki mezani usiku kucha. Aliye hai ambaye hayupo huwekewa sahani na mkate mpya, kana kwamba amechelewa tu njiani. Ostap alikuwa na sahani. Mama alipofariki, Teklia aliendelea kuiweka, kwanza kwa utii, kisha kwa mazoea, na mwisho kwa woga. Nani angethubutu kuwa wa kwanza kumhamishia kaka yake kwenye bakuli?

Sietse alipewa supu ya bitiruti na soksi za marehemu mume wa Teklia. Alikula kwa adabu ya mtu aliyeshiba. Alieleza kwamba alikuwa amezunguka wiki nzima kwa akina Havryliuk wasiohusika, na kila nyumba ilikataa kumjibu swali kabla hajala.

"Ndiyo maana gari limezama," Larisa alisema. "Si tope, ni wewe."

Mgeni alicheka, lakini kicheko kilimwishia haraka. Akaanza kusimulia. Ndege ilianguka katika matete ya ziwa, karibu na kijiji cha akina Sietse. Wanne walipatikana wakazikwa kanisani, watatu kinamasi kikawameza. Kiangazi kilichopita mashine iliyokuwa ikichimba mfereji ilinyanyua kipande cha bawa. Ndani ya ndege walikutwa wawili. Wa tatu alikuwa mbali na wenzake, upande wa nchi kavu, mifupa ya miguu yote miwili imevunjika. Mtu huyo alikuwa amejikokota.

Teklia aliuliza kama wa tatu ni Ostap. Sietse alisema hawajui. Wote watatu wangezikwa pamoja na wenzao vuli ijayo, na bila mate ya ndugu ya kupimia vinasaba, mmoja wao angewekewa jiwe lisilo na jina. Akatoa mfukoni kijiti chenye pamba.

Teklia hakuuliza kama wangemleta kaka yake nyumbani. Alijua wanajeshi wale huzikwa pale walipoanguka. Alikitazama kijiti kile muda mrefu. Kukitia mdomoni ilikuwa kumwambia mama yake kaburini kwamba sasa inatosha. Kisha akafungua kinywa kama mtoto anayepewa dawa, Larisa akamshika bega, na jambo hilo likaisha.

"Kuna jingine," Sietse alisema. "Hili si la serikali. Ni la baba yangu."

Baba yake, mzee Jelle, alikuwa na miaka kumi na moja usiku ule. Alilala chini ya dirisha, na baada ya kishindo akasikia mtu akiita kutoka matete. Wanajeshi wa Kijerumani walikuwa juu ya tuta na taa zao. Babu yake Sietse alifunga mlango, akakaa ameuegemea kwa mgongo. Sauti iliita neno moja tu, tena na tena, mpaka karibu na mapambazuko. Asubuhi palikuwa kimya. Tangu hapo Jelle alimuuliza kila mtu maana ya neno lile. Mchungaji alimwambia ni sala. Mwalimu alisema ni tusi la Kiingereza. Kisha ikajulikana kwamba mmoja wa wale saba alikuwa Mwingereza ambaye wenzake walimwita Wudi, na kila mtu akaridhika: kijana alikuwa akimwita rafiki yake, na bila shaka wamekutana mbinguni.

"Kila mtu isipokuwa baba," Sietse alisema. "Anasema watu wamempa pipi maisha yake yote. Ameniapisha: nikimpata anayelijua neno lile, amwambie mwenyewe kwa simu, bila sukari. Utafanya hivyo, mama, kama unalijua?"

Teklia aliona ni jambo dogo. Jina la Wudi halikumwambia kitu, na mzee aliyebaki na swali tangu utotoni anastahili kuheshimiwa. Akaahidi.

"Basi sikia anavyolisema yeye, si wanavyolisahihisha watu." Sietse akafumba macho, akalivuta neno polepole, uzito wote mwishoni, kama alivyofundishwa na baba yake. "Vodí. Vodí."

Larisa, ambaye Kiukraine chake ni cha jikoni na kanisani tu, alijua kabla ya bibi yake kusema. Aliziba mdomo kwa mkono wenye unga.

Kati ya wale saba, ni mmoja tu aliyeizungumza lugha hiyo. Wengine wote wangeomba kwa Kiingereza.

"Ni yeye," Teklia alisema. "Hamhitaji mate yangu. Alikuwa anaomba maji."

Sietse hakuelewa mara moja, kisha akaelewa. Akasema, kana kwamba kuna anayebisha, kwamba pale palikuwa pamejaa maji, ziwa zima. Halafu akakumbuka alichowahi kusimuliwa, kwamba mafuta ya ndege yalitanda juu ya maji wiki nzima na bata wakafa. Akainama, akaziangalia soksi za watu miguuni mwake.

Teklia hakulia. Alikuwa akimwona Ostap aliyemfahamu, aliyependa kunywa moja kwa moja kutoka kwenye ndoo ya kisimani mpaka mama anamfokea kwamba si ng'ombe. Usiku kucha. Na mlango ulikuwa karibu kiasi kwamba mtoto alisikia kila herufi.

Sietse alimsihi asahau ile ahadi. Baba yake ana miaka themanini na tatu na moyo mbovu. Sietse mwenyewe atampigia na kumwambia ni jina, ni Wudi, yameisha.

"Bibi, msikilize," Larisa alisema. "Hata sisi kitatufaa nini? Mwambie ilikuwa sala. Maskini mzee wa watu, usiku ule alikuwa mtoto."

"Alikuwa wa umri wangu," Teklia alijibu. Usiku ule naye alikuwa amelala chini ya dirisha, akingoja kaka arudi na pipi za Uingereza.

Alitaka sana kukubali. Sehemu moja ya moyo wake haikutaka kabisa kuisikia sauti ya mtu wa nyumba ile, na nyingine ilitaka kumfunika blanketi na kumwambia alale. Zote mbili zilimshauri jambo lilelile: nyamaza. Lakini yeye alijua pipi ni nini. Yake ilikuwa ile sahani aliyoiwekea mkate maisha yake yote.

"Piga," akasema.

Kule ilikuwa alasiri. Sietse alizungumza kidogo kwa lugha yao, kisha akampa Teklia simu. Mzee Jelle hakujua Kiingereza zaidi ya salamu. Aliita kwa woga, "Bibie?"

Teklia alisimama ili aseme akiwa wima. Hakuhitaji mkalimani. Neno la maji, kwa Kiingereza na kwa lugha ya yule mzee, ni mapacha.

"Maji," alisema. "Ostap, kaka yangu. Maji."

Kisha akasikia pumzi, na mzee akalirudia neno kwa lugha yake, mara moja, taratibu, kama mtu anayepokea kitu kizito kwa mikono miwili. Akaanza kulia. Larisa alinyoosha mkono aichukue simu, Teklia akautoa. Aliibana sikioni, na hakuongeza sukari.