Kumnyima Sira Salamu

Kwetu Wamalinke, ukimpita mtu bila kumsalimu umemtangazia uadui. Nantenin Traore alilelewa hivyo, naye akamlea Sira hivyo hivyo, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Sira ni sokwe. Aliletwa akiwa kichanga kwenye kituo cha kulelea sokwe yatima alikofanya kazi Nantenin, mama yake ameshaliwa na wawindaji, mwenyewe kafungwa kamba kiunoni, mbavu zote zinaonekana. Siku zile, jamani, zilikuwa siku. Nantenin alimbeba mgongoni kwa kitenge, akamnywesha maziwa, akalala naye mkeka mmoja, vidole vidogo vya Sira vimeshika sikio lake mpaka kunakucha. Alfajiri alimsalimu kama anavyosalimiwa mtu mwenye watu wake: umelalaje, usiku ulikuwa wa amani, ndugu zako hawajambo? Na Sira, mdomo umejaa embe, akaguna: "Mba."

Walezi walicheka mpaka wakashika mbavu. Maana "mba" ni kiitikio cha wanaume. Mwanamke huitikia "nse".

"Mtoto wa kike anaitikia kidume," alisema Famudu Konde, mkuu wa walezi. "Umemharibu mapema."

"Si malezi, ni ukoo," alijibu Nantenin. " Huyu ni Konde, ndugu yako wa damu. Hebu muone anavyobugia maharage."

Akina Traore na akina Konde ni watani tangu enzi za mababu, na kuitana walaji maharage ndiyo heshima yao. Basi toka siku hiyo akawa Sira Konde. Kila asubuhi, salamu zikiisha, Nantenin alimporomoshea matusi ya utani: mlafi wewe, mtumwa wangu wewe, tumbo kama kibuyu. Sira alijiviringisha chini kwa kucheka. Ndiyo, sokwe hucheka, na asiyeamini shauri yake.

Miaka ikaenda. Sira akawa jike zima, akafunguliwa pamoja na wenzake kwenye pori la ng'ambo ya mto Mafu, ambako sokwe wa mwitu bado wapo. Wenzake walizama porini. Yeye siku moja akateremka mtoni kwa wanawake wanaofua, akaketi kwa adabu zake, akaguna "mba", akangoja asalimiwe. Wanawake wakatimua mbio, mume wa mmoja akaja na bunduki. Bahati tu ni kwamba bibi mmoja alimtambua. "Usipige," alisema, "huyo ni mtoto wa Nantenin."

Jioni hiyo Famudu alimwita Nantenin.

"Umemfundisha adabu mno, dada. Anadhani kila mtu ni mtu. Akiwafuata watu mara nyingine, ama wampige risasi, ama tumfungie kwenye kizimba mpaka afe. Anayemvuta huku ni wewe tu. Mfukuze."

"Nimfukuzeje mwanangu?"

"Utajua mwenyewe. Ulimi unao."

Asubuhi Nantenin alivuka mto. Sira akamjia mbio. Nantenin akamtukana kwa sauti ya ukali kabisa: ondoka, mlafi, mtumwa, tumbo kibuyu. Sira akajitupa chini na kuanza kucheka, akangoja kutekenywa. Nantenin akaokota jiwe, akalitupa karibu na miguu yake. Sira akaliokota, akamrudishia mkononi. Huo nao kwake ulikuwa mchezo. Loo, utapata wapi tusi la kumuumiza mtu uliyemlea kwa matusi?

Likabaki moja tu, lile ambalo Mmalinke humfanyia aliyemtoa moyoni. Nantenin akafunga kinywa.

Sira aliguna, "Mba." Nantenin akatazama miti. Sira akazunguka mpaka mbele ya uso wake, akaguna tena, akanyoosha mkono, kiganja juu. Ilikuwa mikono ile ile iliyokuwa ikilala imeshika sikio la Nantenin, sasa mipana kuliko yake. Nantenin aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kukishika. Akageuka, akampa mgongo. Nyuma yake Sira akaanza kulia, kilio kile kile cha utotoni maziwa yakichelewa, na Nantenin akauma kitambaa cha kichwa asije akaitika.

Kilio kilidumu, kikapungua, kikakatika. Kisha ndani ya pori sokwe wa mwitu wakapiga kelele zao. Sira akawajibu, kwa sauti ndefu ambayo Nantenin hakumfundisha, na majani yakasikika yakichakacha kuelekea huko.

Famudu, aliyekuwa amemfuata na kujificha kichakani muda wote, akatoka, akaketi chini karibu naye.

"Pole, Nantenin," alisema.

Tangu wafahamiane, Famudu alikuwa hajawahi kumwambia neno lisilo na utani ndani yake. Hapo ndipo machozi yalipomtoka Nantenin.