Kanzu Yenye Doa la Silanga

"Usinivute, mama! Nimesema si leo!"

"Basi ni lini? Ukishaota mabawa?"

Ouma alijinasua, akarudi kwenye kitanda alichokuwa akikipiga randa. Jumapili, na fundi wangu yuko kazini! Nilikuwa nimetoka Silanga mapema, nikamfikia kwake Kabiro na kanzu yake nyeupe ya kanisa mfukoni. Siku mkewe Akoth alipofariki, Ouma aliivua, akamtukana Mungu mbele ya waumini, akaitupa kwenye matope kando ya bwawa la Silanga. Niliiokota mimi, mama yake wa kanisani.

"Acha kwanza nimalize kufunga," alisema. "Nikiwa safi nitarudi."

"Tangu Krismasi unafunga. Umekonda kama mpini wa jembe. Umekuwa safi?"

Akaendelea kupiga randa.

"Nakuuliza, fundi!"

"Bado."

Hapo ngoma ikasikika kutoka upande wa Riruta. Sisi watu wa kanisa la Roho huandamana barabarani na bendera kabla ya kuingia kanisani, na ngoma hiyo zamani ilikuwa ya Ouma. Sasa anaipiga Obonyo, na anaipiga vibaya. Vidole vya Ouma vikaanza kugonga mbao.

"Anachelewesha," alinung'unika.

"Nenda ukamwambie."

"Mama, nilimtukana Mungu. Kwa mdomo huu."

"Najua, nilikuwepo. Naye alisikia. Lakini Yesu alilibeba hilo tusi msalabani kabla hujalitoa. Mungu hana vita na wewe, Ouma. Ni wewe umebaki uwanjani na rungu, peke yako."

Ngoma ilikuwa karibu sasa, mabati yanatetemeka. Nilimpa kanzu, akaikunjua. Doa la kahawia lilikuwa palepale kifuani.

"Halijatoka."

"Nimelisugua hadi mikono ikachubuka. Ningengoja litoke ndipo nikuletee, ungezeeka ukipiga randa."

Akacheka! Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumpoteze Akoth. Kisha akapiga magoti juu ya maranda.

"Baba," alisema, na baba yake alishakufa zamani, "nimechoka kugombana nawe. Nipokee hivihivi."

Akasimama, akaivaa kanzu juu ya nguo za kazi, doa mbele, vumbi la mbao kichwani. Bendera ya kwanza ilikuwa inapita mlangoni. Nilipogeuka kuchukua mfuko wangu, tayari alikuwa barabarani anakimbia.

"Obonyo! Lete hivyo vijiti, unatuua!"

Na ngoma ikalia inavyotakiwa.