Viatu Vipana vya Bibi Raheli

Bibi Raheli alikuwa na ugomvi na watu wengi pale Ipagala, lakini ugomvi wake mtamu kuliko wote ulikuwa na Zaidi, fundi viatu. Mrangi huyu wa Kondoa alishonea chini ya turubai karibu na bomba la maji, na Bibi hakupita pale bila kumchokoza.

Siku hiyo alifika na jozi ya viatu vyeusi vya mtumba, vinang'aa mpaka ungeweza kujitazamia meno, kama unayo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nigundishie kisigino hiki. Jumamosi mjukuu wangu Erica anavaa joho la kuhitimu chuo kule Chimwaga, na wakwe watarajiwa wanakuja. Jordan ndiye mchumba, na mama yake ni mtu wa wizarani, huko Mtumba kwenye mji wa serikali. Hawezi kunikuta na raba za kulimia."

Zaidi akakigeuza kiatu, akautazama mguu wa Bibi, akakitazama tena kiatu.

"Hivi vinakubana."

"Ndiyo maana nikavichagua. Vingine vyote nilivyojaribu ilikuwa kama sijavaa kitu. Hivi angalau najua nimevaa."

Zaidi hakucheka. Nyayo za Bibi Raheli zilikuwa zimekufa ganzi tangu usichana. Ukoma ulimpata akiwa na miaka kumi na miwili. Shangazi yake alisema kuna mtu katika ukoo amekula nyama ya mwiko. Jirani akasema mtoto amerogwa. Mwinjilisti mmoja akasema ni dhambi, ila hakusema ni ipi, na Raheli alingoja sana kutajiwa maana alikuwa nazo kadhaa. Mama yake, aliyempenda kweli, alimwekea ugali kwenye kigae cha peke yake na kumpelekea kwenye kibanda mwisho wa shamba. Wa kwanza kumwambia kwamba ni kijidudu tu alikuwa muuguzi wa kambi ya wagonjwa, na Raheli akaudhika: yaani mateso yote haya, na kitu chenyewe hata hakionekani! Alimeza vidonge miaka na miaka, mpaka miaka ya themanini vikaja vile vya pakiti, dawa kadhaa kwa pamoja, vikammaliza mdudu. Lakini hisia hazikurudi, na vidole vitatu vya mguu vilikwenda kimoja kimoja kwa vidonda ambavyo hakuvisikia.

"Sigundishi," Zaidi alisema.

"Utagundisha, we Mrangi."

"Bibi, mwaka juzi ulilala wodini miezi minne kwa kidonda. Daktari alisema kingine kikija mguu unakatwa. Alisema mimi nipo."

"Daktari yule naye anaongea sana."

Mdomoni Zaidi alikuwa anamung'unya ubuyu. Akainama kama anayefuta vumbi ndani ya kiatu, kisha akasema, "Haya, vaa, tembea mpaka bombani urudi, nikuone."

Bibi akavaa. Akaenda mpaka bombani akiimba, akawapungia mkono waliokuwa wanachota maji, akarudi kwa maringo kama bi harusi. Zaidi akamketisha, akamvua kiatu, akamwonyesha wayo. Kokwa ya ubuyu ilikuwa imezama kwenye nyama, na ilipotoka iliacha shimo jekundu.

"Umetembea juu yake muda wote huo, unaimba."

Bibi aliitazama ile kokwa. Kisha akauliza, "Ulikuwa umeinyonya kwanza?"

"Ndiyo."

"Mchafu mkubwa wewe."

Zaidi akauweka mguu wa Bibi mapajani na kuanza kuupapasa kwa mikono mitupu, polepole, akitafuta penye joto, dalili ya kidonda kinachoanza. Kazi hii aliianza ujanani, katika karakana ya kambi ile ile, na vidole vyake vilijua kitu ambacho macho hayajui. Bibi alimwangalia. Madaktari walimshika kwa glavu. Wachungaji walimshika kwa ncha za vidole, wakiomba harakaharaka. Huyu alimshika kama mtu anayekanda unga wa chapati za watoto wake.

"Nitakushonea vingine," Zaidi alisema. "Vipana, vyenye kina, sponji laini ndani, soli ya tairi."

"Vile vya kambini? Vinajulikana, Zaidi! Mama Jordan atatupa jicho chini mara moja, aseme huu ni ukoo wa ukoma, na Erica anaachwa na joho mwilini."

"Hajawaambia?"

"Anataka kuwaambia. Mimi ndiye nimemkataza."

Zaidi akachukua karatasi na kalamu, akaanza kuchora mguu kwa kuuzungushia. "Mimi fundi wa miguu, Bibi. Wakwe siwashonei."

Jumamosi, Chimwaga, jua lilikuwa kali na kutoka getini mpaka kwenye mahema kulikuwa mbali. Bibi alikwenda umbali wote ule na viatu vyake, vyeusi, vipana kama mikate miwili. Mama Jordan alikuja nyuma akiwa na viatu vyenye ncha, akichechemea. Wakaketi pamoja. Haikupita dakika, mama yule akatazama chini.

"Samahani, mama. Hivyo viatu vyako..."

Bibi alikuwa na uongo wa aina tatu tayari: kisukari, jongo, na ajali ya trekta. Huu wa trekta aliupenda zaidi. Akatazama chini naye, akauona uzi wa Zaidi, mishono midogo, sawasawa, hakuna uliopinda hata pale ambapo jicho lisingefika. Akaona haya kuuweka uongo wa trekta juu ya kazi ile.

"Ni viatu vya mguu wa ukoma, mkwe. Niliugua nikiwa mtoto. Nikapona Erica hajazaliwa."

Mama Jordan akasogeza kiti. Bibi akaivuta miguu yake nyuma, akijua anakimbiwa. Lakini kiti kilisogea upande wake, na sauti ikaja sikioni, ya chini.

"Na... inarithiwa? Kwa watoto?"

"Mdudu wangu alikufa kwa vidonge, na hata alipokuwa hai hakuwa wa kurithiwa. Kinachorithiwa kwetu ni mdomo. Huo Erica anao, muulize mwanao."

Mama Jordan alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka waliokaa mbele wakageuka. Alipofuta machozi, Bibi alikuwa anatazama vile viatu vyenye ncha.

"Na hivyo vinabana."

"Vinaniua, mama yangu."

"Bahati yako, unasikia," Bibi Raheli akasema. "Vua."

Akavua.