Gitaa la Mapajani

Randa ya umeme ilikuwa imechukua ncha za vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, na daktari hakumung'unya maneno: havingeweza tena kubana uzi wa gitaa. Seremala alilikubali hilo. Lililomkaa kooni ni la kaka yake. Kaka ndiye aliyeongoza bendi aliyoiacha baba yao, na hata bandeji haijatolewa alikwisha kumpa mtu mwingine nafasi ya mdogo wake ya kupiga solo. Kisha akataka gitaa la baba litundikwe kwenye ukumbi wa mazoezi, kando ya picha ya marehemu.

"Utakuwa unakuja kuliangalia wakati wowote," alimwambia.

"Sitaki kuliangalia, kaka. Nataka kulipiga."

Alilipeleka karakana, akalipimapima siku tatu kabla ya kulitia patasi. Kama vidole haviwezi kushusha nyuzi hadi shingoni, basi nyuzi zisishuke. Ziinuliwe, chombo kilazwe mapajani, na sauti itafutwe kwa kipande cha chuma kinachoteleza juu yake. Chuma kingeweza kushikwa kwa kidole gumba na cha pete, na hivyo viwili alikuwa navyo.

Aling'oa kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi juu ya shingo, akachonga kingine chenye kimo mara mbili. Akakata bomba nene la chuma, akalipiga msasa hadi likawa laini kama kioo. Vijichuma vinavyogawa sauti shingoni akaving'oa vyote, akachora mistari mahali pavyo.

Kaka alipopita akaviona vijichuma ndani ya kopo, alisema mdogo wake amemchinja baba mara ya pili. Shangazi yao, aliyekuwa amefuata kigoda chake kilichokuja kutengenezwa, akamkatiza: huyo baba alilipata gitaa limekatika shingo, akalichongea nyingine kwa mguu wa meza ya mama mkwe wake bila kuuliza. Kama ni kuchinja, yeye ndiye aliyeanza.

Kosa lilikuja baadaye, na lilikuwa la seremala mwenyewe. Chombo cha namna hiyo hutaka nyuzi zote zikubaliane kwa sauti hata zisipobanwa, na njia zipo mbili: kukaza tatu au kulegeza tatu. Akakaza. Miaka kumi na minne ya kupiga solo ilikuwa imemzoesha kutaka kusikika juu ya wenzake. Kesho yake daraja, ule ubao uliobeba nyuzi tumboni, lilikuwa limebanduka kwa nyuma kiasi cha kupitisha karatasi. Kama lingekuwa gitaa la mteja, angeikagua gundi kwanza.

"Si nilikwambia?" alisema kaka.

"Uliniambia nilitundike. Habari ya gundi hukuniambia."

Akakwangua gundi kuukuu, akapaka mpya, akalibana daraja kwa klampu tatu siku nzima. Safari hii akalegeza. Sauti ikatoka nzito na pana, ya chini kuliko aliyoizoea. Alikaa nayo wiki saba.

Siku ya mazoezi aliingia ukumbini bila kubisha hodi, akavuta kiti, akakaa kati ya besi na ngoma. Kaka alimwambia mbele ya watu kwamba nafasi ya gitaa ina mwenyewe, na kwamba hata hivyo alichokishika si gitaa tena.

"Vizuri," alisema seremala. "Kama si gitaa, sijakaa kwenye nafasi ya mtu."

Mpiga besi akakohoa ili asicheke. Kaka akahesabu wimbo kwa mwendo wa kasi, kasi kuliko walivyowahi kuupiga, na kila mtu mle ndani alijua kwa nini. Seremala aliikosa kona ya kwanza ya wimbo, chuma kikapitiliza mstari. Ya pili akaipata. Kaka akainua mkono wimbo usimame.

Seremala hakusimama. Mpiga ngoma, aliyekuwa akiufuata mkono ulioshika chuma na si ule ulioinuliwa, naye akaendelea.