Siku ya Maneno Marefu

Hamza, fundi masofa wa Kihonda, hakukijua Kiingereza, na ndiyo maana alikiheshimu kupita kiasi. Wanaokijua hukichezea wanavyotaka. Yeye alikitamka polepole na kwa woga, kama mtu aliyebebeshwa trei la mayai. Tangu mpwa wake Sabra ahamie kwake, Kiswahili kilipigwa marufuku ndani ya nyumba, na kwa kuwa hapakuwa na lugha nyingine ya kutosha, nyumba ikanyamaza. Mkewe Pili akitaka chumvi alinyoosha kidole. Akitaka kugomba alitoka nje ya geti, akagomba barabarani kwa Kiswahili safi, kisha akarudi ndani roho kwatu.

"Umetugeuza mabubu," alimwambia siku moja wakiwa huko huko nje.

"Wenzako wanatafuta maisha, wewe unatafuta maongezi," Hamza akajibu, akajiona amesema jambo kubwa.

Tusimwonee, sababu alikuwa nayo. Kwa Waluguru mtoto wa dada ni wa mjomba, upende usipende, na Hamza alimpenda huyu. Ada ya shule ya msingi ya Kiingereza ilikuwa imemkamua mpaka akauza cherehani ya pili. Sekondari hakuiweza, na Sabra alikuwa anamaliza la saba. Ndipo shule ikatangaza kwamba siku ya wazazi mtoto mmoja, mmoja tu, atapewa nafasi ya kusoma bure hadi kidato cha nne. Wengine watajijua.

Nafasi hiyo ilishindaniwa hivi: Mwalimu mkuu Bartholomeo anatia mkono kwenye bakuli la plastiki, anatoa herufi tatu, na mtoto anataja neno la Kiingereza lenye herufi zote tatu. Mwenye neno refu ndiye mshindi. Maana ya neno haiulizwi, maana ingechelewesha ratiba. Na atakayetamka Kiswahili akiwa jukwaani, hata akijikwaa akasema "mama," anatolewa hapo hapo.

Basi Hamza akaingiza kwenye simu programu ya kutafuta maneno. Kila jioni alibonyeza herufi, simu ikamwaga maneno marefu, naye akamsomea mpwa wake kwa matamshi aliyoyabuni mwenyewe. Sabra aliyameza yote, akayarekebisha kimoyomoyo ili asimwaibishe mjomba. Alikuwa mtoto wa adabu. Adabu hiyo hakuipata Kihonda. Aliipata kwa bibi yake kule Matombo, milimani, aliyemlea tangu kuachishwa ziwa mpaka akamaliza darasa la pili. Huko mtoto akimwona mkubwa hupiga goti kwanza, mengine baadaye.

Bibi huyo, mama yake Hamza, hakualikwa. Hamza alijiambia ni kwa ajili ya umbali na magoti ya mama. Ukweli ni kwamba mama yake hakuwa na neno hata moja la Kiingereza, na midomo yake haikujua kukaa kimya.

Siku ilipofika, uwanja wa shule ulijaa wazazi waliovalia suti kwenye jua la Morogoro, wakitabasamu kwa uangalifu, kwa kuwa tabasamu halina lugha. Watoto wakaondoka mmoja mmoja mpaka jukwaani wakabaki wawili: Sabra, na Erick, mtoto wa mjumbe wa kamati.

Mwalimu Bartholomeo akatoa B, P na R.

"Responsibility!" Erick akapaza sauti.

"Irresponsibility," akasema Sabra taratibu.

Walimu wakahesabu herufi. Kutowajibika kukashinda kuwajibika, na kamati nzima ya shule ikasimama ikakupigia makofi. Hamza naye alipiga mpaka viganja vikawaka moto. Ilibaki raundi moja ya kufunga kazi.

Hapo ndipo getini alipotokea bibi mmoja mwenye kanga mbili na fungu la magimbi kichwani. Pili alikuwa amempigia simu: "Mjukuu wako atasema mbele za watu." Huwezi kumwambia bibi maneno kama hayo halafu utegemee akae Matombo.

Kwa desturi aliyoijua yeye, mtu hakai kabla ya kusalimiana. Akatua magimbi, akapita mbele ya mgeni rasmi, mbele ya kamati, mbele ya mjomba mtu, akaenda moja kwa moja hadi jukwaani kwa mjukuu wake. Akanyoosha mkono wa kumwekea kichwani, akangoja.

"Madam, please," alisema Mwalimu Bartholomeo. Bibi akampungia mkono kumwambia asubiri, kwanza mambo ya maana.

Goti la Sabra lilikuwa tayari limeshaanza kukunjika. Mdomo wake ulikuwa umefunguka. Lakini macho yakamtafuta mjomba, na uwanja mzima ukageuka kumtazama Hamza.

Hamza aliona ada. Aliona mtoto amekaa nyumbani, anaosha vyombo vya watu Mafiga. Akaona pia mkono wa mama yake umening'inia hewani, na moyo ukamuuma kwelikweli, tusimsingizie. Kisha akaweka kidole midomoni.

Goti likanyooka.

"Good afternoon, Grandmother," alisema Sabra.

Wazazi wakalipuka kwa makofi. Ama kweli hiyo ndiyo nidhamu! Mgeni rasmi akamnong'oneza jirani yake kwamba hapa taifa limepata viongozi. Bibi aligeuka kulia na kushoto akitafuta kinachoshangiliwa, asikione. Mkono akaushusha mwenyewe, akarudi getini, akasimama karibu na magimbi yake.

Zikatoka C, H na Y. Erick akasema "psychologically." Sabra, macho chini, akasema "uncharacteristically." Herufi zikahesabiwa, Erick akaanza kulia, na Mwalimu Bartholomeo akainua mkono wa Sabra juu kabisa. Ulikuwa mkono wa mtoto aliyeshinda, lakini uso ulikuwa wa mtoto aliyechapwa.

Hamza hakungoja picha. Alipangua viti mbio mbio kuelekea getini, akitamani kumweleza mama yake yote: bakuli, herufi, sheria ya jukwaani, miaka minne ya bure. Mama angeelewa. Mama alikuwa mtu wa kuelewa. Alimkuta amekwishajitwika fungu lake, uso mkavu.

Akainama kuliko alivyowahi kuinama tangu utotoni, mbele ya wazazi wote wenye suti, akasema kwa sauti:

"Shikamoo, mama."

Tangu Hamza ajue kusema, salamu hiyo haikuwahi kukosa jibu lake. Hata siku aliyoiba asali ya jirani, mama alimwitikia kwanza, fimbo ikafuata. Akabaki ameinama, akingoja.

Mama yake alimtazama kisogo.

"Gudi afutanuni," akasema, akashika njia ya Matombo.