Jeraha la Nabii

Mume wangu alikuwa mtaalamu wa Kigiriki, mimi wa Kiebrania, na meza tuliyotafsiria Biblia ilikuwa moja. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Ubishi wa mwisho ulihusu jeraha la nabii mmoja anayemlalamikia Mungu. Kiebrania kinaliita anush. Mimi nilitaka "lisilopona". Yeye akakazania "la kufisha".

"Kigiriki kina thanasimos," alinitambia. "Sumu. Ukinywa, umekwisha, hakuna kuzungushana. Jeraha lisilopona si litamuua tu? Andika 'la kufisha' twende tukale."

"Kiebrania hakina haraka kama wewe," nilimjibu.

Wiki hiyohiyo moyo wake ukasimama. Mwenye haraka akatangulia, akaniachia ubishi na kiti kitupu.

Leo wachapaji walikuwa wanaungoja ukurasa huo. Nilikodolea macho karatasi asubuhi nzima, mwishowe nikaandika "la kufisha". Nilitaka ashinde. Nimemkumbuka mno, nikataka neno lake moja libaki.

Lakini kwetu aya haipiti mpaka isomwe mbele ya mtu asiyejua lugha hizo, naye aisimulie kwa maneno yake. Msikilizaji wetu tangu mwanzo ni mama mkwe. Aliketi kwenye kiti cha mwanawe, akafumba macho, nikamsomea.

"Huyu anakufa," akasema. "Hafiki mbali, masikini."

"Hafi, mama. Analalamika sura nyingi tu mbele."

"Kumbe! Asubuhi anaamka?"

"Anaamka."

"Anakula?"

"Nadhani anakula."

Akafumbua macho. "Sasa hilo la kufisha umelitoa wapi? Lingemfisha, angepumzika. Hili analala nalo, anaamka nalo. Kama mimi na wewe."

"Ni neno la mwanao, mama."

Alipapasa ukingo wa meza.

"Mwanangu alikuwa mbishi tangu tumboni," akasema. "Na hapa amekosea. Futa."

Nikafuta. Nikaandika "lisilopona", nikamsomea tena, akasimulia sawasawa, aya ikapita. Nilikuwa nimeshinda. Nikageuka upande wa pili wa meza kumtambia mume wangu, kama kawaida yangu, nikamkuta mama yake ndiye aliye kwenye kiti.